Propela, Mabati na Mama Mkwe

Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tungeongea kuhusu wanaume wanaolala na simu chini ya mto. Naomba radhi, hiyo itasubiri. Nyumbani kwangu kumetokea kasheshe, na mimi kasheshe huwa naiandika ikiwa bado ya moto, ikipoa nakosa maneno. Kwa hiyo mada yetu leo ni propela. Propela ya gari, ndiyo hiyo hiyo. Akina dada msikimbilie ukurasa wa nywele, nivumilieni kidogo. Mama mkwe yumo humu ndani, na pesa za kikoba zimo.

Sisi tunakaa Morogoro, Kihonda, na kwa wakwe zangu ni Mgeta, kule juu kwenye milima ya Uluguru ambako kabichi na karoti nyingi mnazokula Dar zinatoka. Kama hujawahi kufika, unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto. Mlali unapita bado unacheka. Halafu mlima unaanza na kicheko kinakwisha. Masika ikikolea gari dogo linabaki chini, wewe unapanda bodaboda umekumbatia begi. Ndiyo maana miaka minne iliyopita mimi na mume wangu tulifuta sherehe ya ukumbini, tukafunga ndoa na kula pilau nyumbani, na pesa ya ukumbi tukanunulia Landrova.

Usifikirie zile za kwenye matangazo. Hii ni 109 ya zamani, Series IIA, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1961 hadi 1971. Hiyo 109 ni inchi, umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kama mita 2.77. Inavuja oili, viti vyake vinachoma mapaja, na mume wangu anaipenda kiasi kwamba nilishamuuliza kama yule mzee aliyetuuzia alitoa na mahari. Na hayuko peke yake. Oktoba 2024, Arusha walipofanya tamasha la Landrova, zilikusanyika kwa mamia, na mwenzangu aliomba ruhusa kazini akaenda kuziangalia tu. Kuangalia! Mimi wakati ule nilikuwa na malaria.

Sasa, ugonjwa wa hizi 109 za zamani ni ekseli za nyuma. Ipakie magunia, ikanyage mlimani kwenye utelezi, ekseli inakatika kama muwa. Sisi tulikata mbili ndani ya mwaka mmoja. Mafundi wakatushauri tutafute difu la Salisbury, lile kubwa walilolifunga kwenye 109 za Series III miaka ya 1970. Likapatikana kwenye gari lililokufa. Hesabu ya meno yake ni 4.7, sawa na difu letu la mbele, na hilo ni jambo la lazima, maana hesabu zikitofautiana, ukiingiza foo wili magurudumu ya mbele na ya nyuma yanaanza kuvutana. Kilichobaki ni kimoja. Pua ya difu la Salisbury ni ndefu kuliko ya lile la zamani, kwa hiyo propela iliyokuwepo haiingii. Lazima ifupishwe.

Kwa dada zangu ambao gari mnalijua kwa rangi (nami nilikuwa hivyo hivyo), propela ni lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari kutoka giaboksi kwenda kwenye difu. Ndilo linalopeleka nguvu ya injini nyuma. Kila mwisho wake una uma wa chuma, na katikati ya uma kuna krosi, kijumlisha fulani chenye vikombe vinne vyenye sindano na grisi ndani. Krosi ndiyo inayoruhusu bomba lizunguke huku limeinama, maana difu linapanda na kushuka na springi. Wazo lenyewe ni la zamani sana, Wazungu wengi wanalihusisha na Mtaliano Cardano wa karne ya 16, ila kwenye magari lilikaa sawa baada ya Mmarekani Clarence Spicer kupata hataza yake mwaka 1903. Kabla ya hapo magari mengi yalivutwa kwa mnyororo kama baiskeli.

Haya. Fundi mwenye kerezo akataja bei ya kufupisha propela na kuweka krosi mpya mbili. Pamoja na vikorokoro vingine ikafika laki tatu na nusu. Mshahara ulikuwa umeshachacha. Nikakopa kikoba, kwa jina langu, kwa riba, nikampa mume wangu mkononi. Baada ya siku tatu gari likarudi linatembea. Nikauliza, "Fundi kasemaje?" Akanijibu, "Kasema poa."

Ila nilianza kusikia kitu. Ukifika mwendo wa 50 hivi, sakafu inaimba. Si kelele, ni kama nyuki wako kwenye ndoo. Ukifika 60 kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka huoni nani yuko nyuma yako. Nikisema, anaongeza sauti ya redio. Wiki mbili nzima, kila tukikaribia 50, redio inapanda. Shosti wangu mmoja akaniambia, mwanaume akianza kuongeza redio ujue kuna jambo. Nikamcheka.

Jumamosi moja tukawa tunamrudisha mama mkwe Mgeta, alikuja mjini kutibiwa macho. Landrova mbele inakaa watu watatu, akakaa katikati yetu na kikapu mapajani. Tumeshapita Mlali, mlima umeanza, gari linavuta gia ya pili, mama akanishika goti akasema, "Mwanangu, ahsante kwa mabati. Mvua ya juzi nimelala mpaka asubuhi, sijaamka hata mara moja kusogeza ndoo."

Nikasema, "Ahsante mama." Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikamwangalia mume wangu kwa juu ya kichwa cha mama yake. Yeye akaangalia barabara kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Na mkono ukaenda kwenye redio.

Hakuifikia. Chini ya miguu yetu kitu kikapasuka kama bunduki, halafu ikawa kama mtu anapiga debe kwa nyundo, gari likapoteza nguvu na likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini, kwa sababu kipande cha propela kilichokuwa kinachapa kilikuwa kimekata mpira wa breki wa nyuma, na kwenye Landrova za umri ule mafuta ya breki ni njia moja, yakivuja nyuma na mbele huna kitu. Akavuta breki ya mkono. Gari likaendelea kurudi.

Hapa nataka kila mwenye Landrova ya zamani, au mwenye mume mwenye Landrova ya zamani, asome mara mbili. Breki ya mkono ya gari hizi haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyoko nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma inapoanzia. Gurudumu linazuiwa kwa kupitia propela. Propela ikikatika, breki ya mkono inafanya kazi yake vizuri kabisa, inasimamisha kile kisiki kilichobaki, na magurudumu hayana habari. Ukiwa umeingiza foo wili angalau propela ya mbele inakushikia. Sisi hatukuwa tumeingiza, barabara ilikuwa kavu na yeye alikuwa anabana mafuta.

Nimpe haki yake, kichwa hakikumpotea. Upande wa kulia bonde, upande wa kushoto ngema. Akakata usukani, matako ya gari yakajikita kwenye udongo wa ngema, tukasimama tumeinama. Mimi nilikuwa bado nimeshika mlango natetemeka. Aliyekuwa wa kwanza kushuka, kwa macho yake yenye dawa, ni mama mkwe. Akaokota jiwe la ukubwa wa boga akalisukumiza nyuma ya tairi. Akatafuta la pili. Ndipo akageuka kwa mwanawe akasema kwa upole kabisa, "Baba, hili gari ulilitengenezea wapi?"

Jibu tulilipata chini ya gari. Mume wangu alikuwa amempa kazi kijana mmoja mwenye mashine ya kuchomelea mageti, kwa elfu sitini. Kijana alilikata bomba katikati kwa grainda, akatoa kipande, akaunganisha, akazungushia nondo tatu juu ya ungio na kuzichomelea ili pawe na nguvu. Nondo za zege, jamani! Limekatika pembeni kidogo mwa hizo nondo. Laki mbili na elfu tisini iliyobaki ndiyo mabati ya mama, na misumari yake.

Usiku ule tulilala Mgeta, chini ya hayo mabati. Mvua ilinyesha. Tuligombana kwa kunong'ona kwa sababu chumba cha mama kiko ukutani, na kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupiga kelele. Nikamwambia kilichoniuma si mabati, ni kusimama pale kupokea shukrani za kitu nisichokijua, na ni kwamba angetuua watu watatu, mmoja wao mwenye mabati. Akasema, "Ningekwambia, ungesema nini?" Nikasema ningesema nunua. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu kiukweli sina uhakika. Pesa ilikuwa na jina langu kwenye daftari la kikoba. Pengine ningesema tusubiri mwezi wa tisa.

Jumapili tulishuka na lori la kabichi, vipande viwili vya propela vikiwa vimefungwa kwenye kiroba. Jumatatu nikakataa kwenda kazini mpaka niende mwenyewe kwa yule fundi wa kerezo. Ni mzee, aliwahi kufanya kazi viwandani enzi zile Morogoro ina kiwanda cha viatu, cha ngozi, cha turubai. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." "Marahaba binti." Akafungua kiroba, akaangalia, akauliza, "Hii imeua mtu?" Nikamwambia bado. "Basi kaa kwenye stuli uone."

Nilikaa siku mbili, mume wangu amesimama nyuma yangu. Nimejifunza mambo ambayo ningependa niliyajua kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, propela haikatwi katikati. Inafupishwa mwishoni, pale uma unapoungana na bomba. Lile bomba letu lilikuwa limeshaharibika, kwa hiyo fundi akatafuta lingine la gari zito kidogo. Alilifunga kwenye kerezo, akaukereza ule uchomeleaji wa kiwandani taratibu mpaka ukabaki uwazi, akaugonga uma ukatoka mzima. Akakata bomba kwa urefu mpya, bado liko kwenye kerezo, ili mdomo wake uwe mnyoofu. Halafu uma ukarudi ndani kwa kugongwa, umebana. Alisema uma ukiingia kwa ulegevu, uchomeleaji ndio unabeba kila kitu, na uchomeleaji peke yake ni wa geti.

Urefu wenyewe alitaka aupime gari likiwa limekaa chini kwa matairi yake. Akamuuliza mume wangu yule kijana alipimaje. Kumbe gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, difu linaning'inia. Ukipima hivyo propela inatoka ndefu kupita kiasi, springi zikibonyea haina pa kwenda. Katikati ya propela kuna sehemu yenye meno marefu, inaingia na kutoka kama darubini, na gari likiwa limetulia inatakiwa iwe karibu nusu ya safari yake. Tukapanda Mgeta na yule msaidizi wake, kijana aliyesoma VETA hapo Kihonda, kwa ajili ya kipimo tu. Alipima pia mwinamo wa giaboksi na wa pua ya difu, kwa simu. Programu ya bure. Ikaonekana difu limetazama juu kupita kiasi, kwa hiyo akaweka kabari za chuma chini ya springi mpaka miinamo ya mbele na nyuma ikalingana.

Kwa nini zilingane? Hili ndilo lililoniacha mdomo wazi. Krosi ikiinama, haizungushi sawasawa. Injini inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini upande wa pili wa krosi unaongeza mwendo na kupunguza, mara mbili kila mzunguko. Huioni kwa macho. Dawa yake ni krosi ya mwisho wa pili, ambayo inafanya vile vile kinyume chake, moja inapoongeza nyingine inapunguza, na difu linapokea mzunguko uliotulia. Hiyo inafanyika tu kama miinamo inalingana na kama zile nyuma mbili, za mwanzo na mwisho wa bomba, zimelala kwenye mstari mmoja. Uma mmoja ukipindishwa kidogo tu wakati wa kuchomelea, badala ya kufutana zinachangiana. Hao ndio nyuki wangu wa kwenye ndoo. Na msinifanye nitoe mfano wa ndoa hapa, mnajua nautamani, lakini fundi alinikataza. Alisema kila mteja wa kike anatoa huo mfano. Nikamuuliza wamekuja wateja wa kike wangapi. Akasema wewe wa pili.

Kabla ya kuwasha mashine alizitoa krosi zote. Joto linaua mipira ya grisi, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye sindano unazichoma, kwa hiyo hata waya wa ethi aliubana kwenye bomba lenyewe. Akashika nukta nne tu, juu, chini, kulia, kushoto. Akaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale, akazungusha bomba kwa mkono. Mshale ukacheza. Akagonga kwa nyundo ya shaba, akazungusha tena, akagonga, akazungusha, nusu saa nzima, mpaka mshale ukabaki unacheza chini ya nusu milimita. Hapo ndipo akachomelea, kipande upande huu, kipande upande wa pili, maana chuma kikipoa kinavuta kuelekea ulikochomelea mwisho. Kijana alitaka kumwagia maji. Mzee alimwangalia tu. Lilipoa lenyewe tukinywa chai.

Nilimuuliza kama milimita hizo zina maana kwa gari la shamba. Akanipigia hesabu kwa chaki sakafuni. Kwa difu la 4.7 na matairi ya 7.50-16, ukiwa mwendo wa 80 propela inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika. Na ukiwa mlimani kwenye gia nzito ya kwanza, nguvu inayopita kwenye bomba ni ya injini mara nane na zaidi. Mwendo unatafuta upinde, mlima unatafuta uchomeleaji. Chetu vilikipata vyote viwili.

Mashine ya balansi hakuwa nayo, alituambia wazi. Alifanya ujanja wa zamani, klipu mbili za mpira wa rejeta zimefungwa kwenye bomba, anajaribu gari, anahamisha vichwa vya klipu kidogo, anajaribu tena. Mara ya tatu kioo cha pembeni kikatulia kwenye 70. Akatuambia tukaze bolti nane upya baada ya kilomita mia, na tupige grisi kila tukishuka na mzigo wakati wa tope. Mpira wa breki mpya, akatuongezea na kinga ya bomba lake.

Jumla ilifika laki nne na ishirini. Mume wangu aliuza spika zake kubwa na rimu nne alizokuwa anazitunza chini ya kitanda, kumbe ndizo zilizokuwa zinanigonga vidole miezi yote ile. Deni la kikoba tunalipa wote sasa, bado marejesho mawili. Risiti ya fundi, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, niliiomba na ninayo.

Wiki iliyopita tulipanda tena. Redio imezimwa, yeye mwenyewe kaizima, anasikiliza sakafu kama daktari. Pale pale kwenye ile ngema, kabla ya kona, aliingiza foo wili bila kuambiwa. Mama mkwe alikuwa amekaa katikati na kikapu chake, na ndani ya kikapu, chini ya mkate na sukari, nililiona lile jiwe. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Wanaume wa simu chini ya mto, mwezi ujao ni zamu yenu. Jiandaeni.